Nguchiro Anunua Pikapu

Haya nimeyasikia, nami siyafichi. Nguchiro alilima kabichi, mvua ikamkuta hana gari la kuzitoa shambani. Akaapa kununua pikapu kabla hazijaoza, akaenda kwa wauza magari.

"Yangu ghali, lakini itazame inavyong'aa!" alitamba Korongo mwenye maringo.

"Usidanganywe, bibie! Yangu nusu bei, na nguvu ni zilezile," alidakia Ngiri mropokaji.

Wakatukanana weee. Nguchiro, mbea kweli kweli, akawaacha, akaenda kisimani kwa wake zao.

"Mashoga, mlipougua masika yale, waume zenu waliwapeleka hospitali kwa gari gani?"

Mke wa Korongo akacheka. "Wangu aliogopa yake itachafuka. Alikodi ya Nyumbu."

"Hata wangu!" akasema mke wa Ngiri. "Alijua yetu itazimika mlimani."

Nguchiro akamfuata Nyumbu, muuzaji mkimya. "Kaka, nataka ile iliyobeba wagonjwa."

"Bei yake inaizidi ya Ngiri, na sipunguzi."

"Nimekuomba upunguze?"

Jioni kabichi zote zilikuwa sokoni. Korongo na Ngiri wakaja juu: "Nani kakwambia usinunue kwetu?"

Nguchiro akajibu, "Kaulizeni nyumbani."