Kuku Chini ya Kitanda

Tangu vifaa vya masikioni vikabidhiwe kazi ya kufundisha watoto wa chekechea Kiingereza, vitabu vya picha vilipigwa marufuku. Ilisemekana picha humfanya mtoto abahatishe maneno badala ya kuyasoma. Mwalimu Mkawasi alikubali, mpaka asubuhi moja alipomwuliza bintiye Mghoi, aliyekuwa pia mwanafunzi wake, ameota nini, na mtoto akagusa kifaa chake, akingoja kuambiwa jibu.

Jumamosi Mkawasi akachora kitabu mwenyewe, cha kuku mwekundu aliyejificha chini ya kitanda. Kisha akaandika mpango wa somo: sauti ya h, neno “hen”, na swali moja ambalo kitabu hakilijibu.

“Watu wa ofisi ya elimu wakijua watakufuta kazi, Mama Mghoi,” mumewe alimwonya.

“Wanifute. Watoto watakuwa wameshaulizwa.”

Jumatatu akakusanya vifaa vyote kwenye beseni. Watoto wakapumulia viganja vyao, “h, h, h,” wakasoma “hen” huku wakicheka.

“Kwa nini kuku amejificha?”

Vidole vikapapasa masikio, vikakosa kitu. Mkawasi akangoja.

“Hataki mayai yake yachukuliwe,” Mghoi akasema.

“Hapana, analia!” mwingine akadakia, na darasa zima likaanza kubishana.

Mwalimu mkuu akafungua mlango. “Mwalimu, ofisi imepiga simu. Vifaa haviwasikii watoto.”

“Waambie tunasoma. Nikimaliza nitakuja.”

Mwalimu mkuu akafunga mlango, akabaki ndani, ameuegemea. Mkawasi hakujua kama amekuja kusikiliza au kumzuia asitoke mpaka watu wa ofisi wafike. Akafunua ukurasa unaofuata.