Kasuku Aliyemsahihisha Kipanga

Kasuku alijivunia sauti yake kupita kiasi. Alitangaza kwamba hakuna ajuaye kufundisha watoto kusikiliza kama yeye, basi Mama Kwale akampelekea vifaranga wake.

"Nikiimba kama njiwa, chezeni," Kasuku aliwaambia. "Nikilia kama kipanga, jificheni nyasini."

Vifaranga walishika upesi. Kila walipojificha, Kasuku alijisifu, "Hata kipanga mwenyewe hanifikii!"

Siku moja mlio wa kipanga ulisikika juu ya mti. Vifaranga wakatoweka nyasini.

"Tokeni, wajinga nyie!" Kasuku akafoka. "Huyo ni mwigaji tu. Hamsikii anavyokwaruza?"

"Lakini mwalimu, wewe hujafungua mdomo," wakamjibu kwa hofu.

Kasuku akatazama juu kwa dharau. "Wewe huko, unalilia puani! Rudia, anza chini, kisha panda taratibu."

Kipanga hakurudia. Alishuka.

Mama Kwale alipokuja, alikuta manyoya mekundu ya mkia yametapakaa.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Amebebwa na kipanga, mama."

Mama Kwale akawahesabu wanawe, wote wapo. "Kumbe darasa zima," akasema, "asiyejua kusikiliza alikuwa mmoja tu."