Taa ya Kijani Juu ya Kibuyu

Uvumi ule ulimganda Tapsubei kama kupe: eti vile vifuniko vya vibuyu vinavyopima usalama wa maziwa vinadanganywa na moshi. Tangu kuchemsha maziwa kupigwe marufuku, kifuniko ndicho kilichoamua. Kikinusa na kuwaka kijani, watu walikunywa.

Siku moja mama mkwe wake alisugua ndani ya kibuyu kwa kaa la moto mpaka kikajaa moshi, kama desturi yao ilivyo, akatia maziwa, akafunika. Taa ya kifuniko ikawaka kijani.

"Mama, tumchemshie mtoto kidogo tu," Tapsubei aliomba.

"Mama Jelagat, na uoga wako huo!" mama mkwe akamcheka. "Majirani wakiona mvuke watatushtaki. Kifuniko kimesoma kukushinda wewe wa darasa la saba."

Tapsubei akanyamaza. Jelagat, binti yake wa miaka miwili, akamaliza kikombe, akalamba midomo. Kesho yake mchana alikuwa akiharisha damu, macho yamezama.

Zahanati ilimpokea, ila haikuahidi kitu. Kando ya kitanda Tapsubei akaomba kalamu, akawaandikia kina mama wenzake:

Msiwape watoto maziwa mabichi.
Msiamini taa, hasa kibuyu kikiwa na moshi.
Msinyamaze mkichekwa.
Msingoje damu ndipo mchemshe.