Bangili ya Nane

Sheria ilitaka kila raia atembee kilomita kumi kwa siku. Haikusema kwa miguu ya nani, na watu wa mjini wakang'ang'ania hapo hapo. Ndiyo maana Namkunda alishuka kutoka milimani na bangili saba mkononi, zikihesabu hatua zake kwa niaba ya ukoo mzima wa Mama Senzia, watu wazima wenye miguu mizima.

Kila siku ya tisa alikuja kuchukua posho yake: unga, dagaa, chumvi, soksi. Watu walimpita barabarani kwenye viti vyao vya umeme, wakaona vumbi la miguu yake, wakaziba pua. Magunia ya viazi, alijisemea, ila viazi angalau huota.

Mama Senzia alimpokea mlangoni, kitini. "Juzi ulitupunguzia wote kilomita mbili, hata baba mkwe."

"Mvua ilikuwa kubwa, mama."

"Mvua inamhusu nini baba mkwe?"

Namkunda aliinama kufunga unga. Kitu kikamshika suruali. Senzia, mtoto wa mwaka mmoja, alikuwa amesimama, magoti yakimtetemeka, anacheka.

"Kaa chini!" mama yake akafoka. "Unajichosha bure, wa kutembea yupo." Akatoa bangili ndogo. "Na huyu umwanzie kesho. Tutakuongezea dagaa."

Namkunda alimtazama mama huyo kwa dharau. Kisha akautazama mfuko wa dagaa. Akabandua vidole vya mtoto kwenye suruali, kimoja kimoja, akamkalisha sakafuni, akanyoosha mkono avishwe.