Watano Kutoka, Watano Kurudi

Kibali kiliandikwa watu watano, lakini Nkwabi alihesabu vichwa vinne. Aliizunguka ile Kombi kuukuu, akarudi dirishani kwa dereva.

"Nyie, wa tano yuko wapi?"

"Kitandani huko nyuma, afande," alijibu Pontien. "Binti yangu, Providence. Ana homa, amelala."

Nkwabi, mlinzi wa lango la makazi ya wakimbizi, alicheka. Mwaka ule wa tisini na sita hakuna familia nyingine ya Warundi iliyokwenda kutembea kwa gari lenye kitanda. Kombi aliiacha padri mmoja mzee aliporudi kwao Ulaya, akampa Pontien, fundi wake, pamoja na mapazia ya maua na jiko la gesi ambalo halijaona gesi miaka kumi.

"Mgonjwa wa homa anapelekwa ziwani? Si hospitali?"

"Hajawahi kuliona ziwa," alisema Médiatrice, mkewe Pontien.

Nkwabi alichungulia kati ya mapazia. Aliliona blanketi limetuna juu ya kitanda, na mkono wa Médiatrice juu yake. Hakutaka kusogea zaidi, maana homa za watu anaziogopa.

"Wengine wanaaga kutembea, kumbe wanavuka maji," alisema. "Mmetoka watano, mtarudi watano, kabla ya saa kumi na mbili. Na huyo binti jioni nitamwona kwa macho yangu, aniambie jina lake mwenyewe. Akikosekana mmoja, nyote mnalala polisi Mpanda."

Walipita kijiji cha Kasekese jua likiwa bado chini. Pontien alikuwa usukani, na Audace, mkubwa wao wa miaka kumi na mitano, alikaa kando yake. Arcade, wa miaka minane, alikaa nyuma na mama, akajibanza mbali na lile blanketi. Médiatrice alijua kilichokuwa mbele yao: jioni mtoto asipokaa wima na kujibu, familia imekwisha. Alilijua hilo vizuri, na hata hivyo hakuogopa. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Mkono aliuacha palepale juu ya blanketi kwa sababu hakukumbuka kuuondoa.

Njia ilipofika ziwani iliharibika kabisa. Huku ukuta wa mwamba, huku maji, na Kombi katikati ikilia kila chuma chake. Pontien aliisimamisha juu ya ghuba ndogo yenye mawe makubwa, mahali pasipo na nyumba. Arcade alisema maji ni mengi.

Médiatrice alipakua mihogo na maharage kwenye sahani nne. Walikula wakitazama ng'ambo. Chakula hakikuwa na ladha, au ulimi wake ndio ulioacha kazi, na hakujali ni kipi.

Saa tisa mashua moja ya wavuvi ilisogea kwenye mawe. Pontien alifuta mikono, akaingia ndani ya Kombi, akatoka amelikumbatia blanketi lote kifuani.

"Nampeleka kwenye maji," alisema.

Alishuka upesi, jiwe hadi jiwe, kama kijana. Arcade alisimama kutazama, Audace akamgeuza kichwa kwa upole. Kupanda, Pontien alichukua muda mrefu. Alipumzika mara mbili na blanketi lake mikononi, na alipofika juu shati lilikuwa limelowa jasho.

Médiatrice alifunga mapazia. Alikuwa amelileta gauni la Jumapili, limepigwa pasi. Alimvalisha mtoto, akafunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja. Gauni lilimpwaya mabegani. Ngozi ilikuwa ya baridi, akaisugua kwa viganja mpaka ikapata joto. Hapo ndipo alipotaka kulia, na machozi yakakataa.

"Atajibu?" Pontien aliuliza kutoka nje.

"Atajibu, Baba Audace. Washa gari."

Njia nzima aliinama sikioni kwa mtoto, wakirudia jibu. Mara nyingine midomo ile midogo ilifuata, mara nyingine ilikaa kimya kabisa, ikitetemeka kwa kila shimo. Kasekese walipita mchana umekwisha, na Pontien hakupunguza mwendo hata kwenye mashimo.

Walifika langoni zikiwa zimebaki dakika kumi. Nkwabi alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, kibali mkononi, akahesabu vichwa kwa kidole mpaka cha tano, cha msichana aliyekaa wima kitandani, mikono magotini.

"Eh, umeamka! Ziwa umelionaje?"

Msichana aliutazama mdomo wa Nkwabi.

"Hana nguvu, afande," alisema Pontien.

"Hata za kutaja jina?" Nkwabi aliacha kucheka. Aliinama, uso kwa uso. "Jina lako nani, binti?"

Audace alikuwa ameubana mkono wa Arcade. Msichana alimgeukia Médiatrice, Médiatrice akamtazama bila kupepesa, na kwa mara ya kwanza siku ile moyo wake ukaamka, ukagonga hadi masikioni.

"Providence," alisema mtoto, polepole.

Nkwabi alilisoma jina kwenye karatasi, akaweka alama, akanyanyua boriti ya lango. "Pole na homa, mwanangu. Piteni."

Gari lilipokuwa likipita makaburini, pale walipomzika Providence wiki tatu kabla bila kuandikisha kifo chake, mtoto wa marehemu dada yake Médiatrice, aliyeletwa na ile mashua, alimvuta mkono, akamwuliza kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kama lile jina amelitamka vizuri.