Kiraka Kilichonyamaza

Kila aliyekuwa na mzazi asiyeweza kujigeuza kitandani alibandikwa kiraka kiunoni, na maumivu ya ngozi ya mzazi yakawa yake. Mama akilalia upande mmoja kwa zaidi ya saa mbili, kiuno cha Senkondo kiliwaka moto mpaka aende akamgeuze.

Senkondo aliwadharau waliobuni kitu hicho. Kwake walikuwa watu wa maofisini, ambao hawajawahi kumbadilishia mgonjwa shuka, lakini wanataka kumwendesha mwanamume mzima kwa kipande cha plasta. Jumatatu aliamua kuwaonyesha. Alimwacha mama chali, naye akajikaza kwenye kochi. Mama alikuwa haongei tangu apate kiharusi, kwa hiyo hakulalamika. Jumatano Senkondo alilia machozi. Ijumaa asubuhi maumivu yakakata, akala maandazi sita na kumpigia simu dada yake Nakijwa, ambaye ni muuguzi.

"Upuuzi mtupu," alimwambia. "Nimekishinda. Kimenyamaza chenyewe."

Nakijwa alifika mchana huohuo, akakipima kiraka.

"Kizima hiki, kaka."

"Basi mbona hakiumi?"

Nakijwa alisogea kitandani. Alimgeuza mama taratibu, na harufu ikajaa chumbani. Juu kidogo ya makalio palikuwa na nyama iliyokufa, nyeusi, pana kama kisosi. Nakijwa alivaa glavu, akaibonyeza katikati, akamtazama kaka yake.

"Unasikia?"

Senkondo alijipapasa kiunoni. Hakusikia kitu.