Gari Getini

Tangu shule mpya ifunguliwe mtaani, magari ya wazazi yalijaa kila asubuhi hadi kwa Bi Tunu. Asubuhi moja, gari mojawapo lilikuwa limeziba geti lake, na mumewe, Mzee Kihiyo, alitakiwa hospitali saa mbili kusafishwa damu. Teksi waliyoiita ilikosa pa kusimama, ikaondoka.

Mwenye gari, mwanamke kijana, alirudi mbio. "Samahani mama, nilimpeleka mtoto darasani mara moja tu."

Bi Tunu alikuwa na maneno ya mwezi mzima kifuani. Akamtazama mumewe aliyeketi kizingitini, miguu imevimba, akayameza. Akafungua mlango wa nyuma wa gari lile, akamwingiza mzee taratibu, naye akaketi kando yake.

"Tupeleke hospitali, mwanangu. Teksi imetuacha."

Mwanamke akaketi kwenye usukani. Akawasha gari, lakini foleni mbele yao haikusogea. Akapiga honi, akapiga tena. Nyuma, pumzi za mzee zilisikika.

Ghafla mwanamke akashuka. Bi Tunu akamwona akienda gari hadi gari, akigonga vioo na kuonyesha nyuma alikotoka. Mbali kule mbele, gari moja likapanda ukingo wa barabara kuwapisha.